Usiitikie Mpaka Uone Miguu

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, Uthiru haikuwa na gorofa hata moja. Kulikuwa na mahindi, ng'ombe, matope na maneno ya watu. Mashamba yalibanana hivi kwamba mtu akikohoa kwake, wewe kwako unajua anaumwa kifua. Na bado Cucu, mama yake baba, alishikilia kwamba ndani ya hayo mahindi, jua likishazama, hutembea mtu asiye mtu.

"Ukiitwa jina na humwoni anayekuita, nyamaza," alikuwa akituambia. "Pepo hujua majina ya watu wote. Huiga hata sauti ya mama yako. Usiitikie mpaka uone miguu."

"Na nikiiona?"

"Utajua ni ya nani."

Mimi shule niliiacha darasa la tatu, na hata hayo matatu sikuyamaliza vizuri. Lakini hilo la miguu lilikaa.

Jioni moja nilikuwa nimetumwa kurudisha ungo wa watu. Nikirudi, kwenye kijia cha katikati ya mahindi, nikasikia, "Wanjiru." Sauti nyembamba, laini, kama ya mwanamke. "Wanjiru, njoo mama." Hapo nikasimama. Mama yangu hakuwahi kuniita kwa utamu namna hiyo. Yeye jina langu alilitupa kama mtu anayefukuza kuku. Nikaingia kwenye mahindi, nikachuchumaa, nikaziba mdomo kwa mikono miwili.

Miguu ikaja. Ilikuwa na viatu vyeusi vya kamba, vimepakwa rangi vikang'aa, na vumbi kidogo kwenye ncha. Siku hizo viatu vilikuwa vichache, na mtu ulimjua kwa viatu kabla ya uso. Hivyo nilivijua. Kila Jumapili vilipita mbele ya benchi letu, na juu yake palikuwa na mzee mmoja wa kanisa, ameshika sahani ya sadaka. Vilisimama karibu nami hadi nikasikia harufu ya rangi. Akaita tena, kwa ile sauti ya kuigiza. Kisha akakohoa, kikohozi cha mwanamume, akageuka.

Nilimkuta Cucu akichambua maharagwe.

"Cucu, pepo anavaa viatu."

Mkono wake ukasimama. "Vyeusi?"

"Vyeusi."

"Vya kamba?"

"Vya kamba."

"Basi umemwona," akasema. "Kula, ulale."

Nilikuwa nimeshazaa mara mbili ndipo nilipojiuliza: habari ya kamba aliijuaje?

Kesho yake jioni Cucu alichukua fimbo yake akatoka, na mimi nikamfuata kwa mbali. Alikwenda hadi nyuma ya ua la miiba ya kayaba la yule mzee, akainama, akaita jina lake mara moja. Polepole. Mzee akaitika kutoka ndani, "Naam, nani?" Kimya. Akatoka na taa. "Nani?" Cucu kimya, ameinama pale kama kisiki. Jioni iliyofuata akarudi. Na iliyofuata. Yule mzee naye alikuwa amelelewa na nyanya, alijua maana ya kuitikia sauti isiyo na mwenyewe, na yeye alikuwa ameshaitikia. Akaacha kutoka nje usiku. Akaacha kubeba sahani. Kabla mahindi hayajavunwa alikuwa amehamia kwa ndugu yake huko Bonde la Ufa, na watu wakasema amefukuzwa na pepo.

"Si ndiyo kazi ya pepo," Cucu akasema, akaendelea na maharagwe yake.

Jina la huyo mtu naliacha. Wajukuu wake wapo, na wengine tunasalimiana.

Sasa mahindi ya Uthiru yamekwisha, pamejengwa nyumba za kupangisha, na mimi ni shosho, nyanya wa watu. Mwanangu Njoroge anafanya kazi kwenye ofisi moja Hurlingham. Anakaa kwenye kiti siku nzima na jioni analalamika mgongo kama mtu aliyelima. Mke wake ni Mwende, Mkamba wa Machakos, mfanyakazi wa serikali, mtu wa ratiba. Wana watoto wawili. Msichana ni Wanjiru, amepewa jina langu. Mvulana ni Kamau, wa miaka sita, amepewa jina la marehemu mume wangu, na kwa hivyo kwa desturi zetu yeye ndiye mume wangu. Namwita mzee. Akinikosea namwambia nitarudi kwetu.

Hao watoto wakija kwangu wikendi niliwafundisha lile la miguu. Mwende alisikia akasema ni ushirikina. Nikamwambia sawa. Nikaendelea kuwafundisha akiwa jikoni.

Basi likizo moja Njoroge akaja akasema, "Mama, tunaenda ng'ambo. Watoto waone bahari."

"Mombasa imekauka?"

"Mwende anataka nje ya nchi. Tunaenda Dar es Salaam."

"Ng'ambo gani hiyo wanakoongea Kiswahili?"

Nilikwenda. Na nitasema ukweli, watu wa Dar walinitia wasiwasi kutoka dakika ya kwanza. Huku kwetu mtu akitaka kukuibia anakuibia. Kule mtu anakuambia pole, na samahani, na naomba, na karibu tena, na hujamwona akikufanyia kosa lolote. Kijana wa hotelini alinisalimia shikamoo akainama hadi nikashika mkoba. Mwanamke wa dukani aliniambia "asante mama kwa kuja" na sikuwa nimenunua kitu. Mtu anayeongea vizuri hivyo, nilijiuliza, anaficha nini?

"Mama, ni adabu tu," Njoroge akasema.

"Hata yule aliniita kwa adabu," nikasema, naye hakujua namtaja nani, kwa sababu sikuwahi kumwambia.

Jumapili alasiri tukaenda ufuoni. Watu walikuwa wamejaa kama soko la Ngara, isipokuwa hapa wamevua nguo. Kulikuwa na safu ya meza za kuuzia mihogo ya kukaanga, na meza tuliyoifikia ilikuwa ya mama mmoja mnene, amejifunga kitenge cha manjano. Akamtazama Kamau akatabasamu.

"Mchumba wangu huyu. Unaitwa nani, baba?"

"Ana mke," nikamwambia. "Mke ni mimi."

Akacheka hadi mwiko ukatikisika. "Basi niwe bi mdogo, shoga yangu."

"Naitwa Kamau," mume wangu akasema, mdomo umejaa muhogo. Nikamfinya. Jina halipewi mtu hivi hivi kwa sababu amekuchekea.

Mwende alimpeleka Wanjiru kubadilisha nguo zilizolowa. Njoroge alikuwa anaongea na simu, mkono mmoja sikioni. Kamau alikuwa amesimama kando yangu. Vijana wawili wakagombania mpira, mmoja akaanguka juu ya kikapu cha mtu, watu wakapiga kelele, nikageuka kutazama. Niliporudisha macho, kando yangu palikuwa na mchanga.

Kuhusu yaliyofuata sina maneno mengi. Njoroge aliingia majini na suruali yake na simu yake mfukoni, hadi kifuani, akawa anapapasa maji kwa mikono. Mwende alikuja mbio, akaachia mfuko wa nguo, akaanza kukimbia kando ya maji akiita, "Kamau! Kamau wangu!" Mimi nikaenda moja kwa moja kwa mwenye kitenge cha manjano.

"Wewe uliyeuliza jina. Mtoto umempeleka wapi?"

Hakukasirika, na hilo likanitia shaka zaidi. Alifunua kitambaa cha meza yake nione chini. Ndoo, mafuta, viatu vyake. "Sina mtoto wako, dada. Ngoja tumtafute." Akaweka mwiko chini, akaita jina la Kamau. Wa meza ya pili akalidaka. Kijana mwenye kipaza sauti aliyekuwa akiwauzia watu safari za mashua akalitangaza. Katika muda wa kuvuta pumzi mbili ufuo mzima ulikuwa unamwita mjukuu wangu, wake kwa waume, kila mtu na sauti yake.

Ndipo nikaelewa. Kama amezama, ameshazama. Lakini kama yuko nchi kavu, basi anasikia hizi sauti zote, na hatatoka. Mimi ndiye niliyemwambia asitoke. Na kadiri wanavyomwita ndivyo atakavyozidi kujikunyata, au kukimbilia mbali.

"Waambie wanyamaze," nikamwambia yule mama.

"Wanyamaze? Jamani, mtoto atasikiaje?"

"Anasikia. Tumemfundisha asiitikie asiyemwona."

Alinitazama kidogo tu. Sijui alielewa nini. Kisha ile sauti yake ya sukari ikageuka king'ora: "Nyamazeni nyote! Huyo wa kipaza, zima! Bibi ana jambo lake!"

Wakanyamaza, isipokuwa bahari. Nilivua raba zangu. Kidole gumba cha mguu wangu wa kulia kiliwahi kukanyagwa na ng'ombe na kimelala juu ya mwenzake hadi leo. Kamau hukichezea nikiwa nimekaa. Nikaanza kutembea kando ya zile meza, polepole, bila kumwita, nikiiweka miguu mbele kama mtu anayeiuza. Watu wananitazama. Njoroge amesimama majini. Nikapita meza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne mwenyewe hakuwa amefika siku hiyo, ilikuwa imefunikwa turubai hadi chini. Hapo mkono ukatoka ukanishika kifundo cha mguu.

"Shosho, ni wewe?"

"Kuna mwingine mwenye kidole kama hiki? Toka huko."

Akatoka, magoti yamejaa mchanga na masizi. Alimfuata paka, paka akaingia chini ya turubai, na alipotaka kutoka akasikia jina lake. "Watu wengi waliniita bila miguu," akasema. "Nikatazama viatu vyote vilivyopita. Hakuna vyetu."

Mwende alikuwa amefika, amepiga magoti mbele yake, anamshikashika kichwa na mikono. "Na mimi je? Hukunisikia mimi?"

"Nilikusikia," Kamau akasema. "Lakini Shosho alisema pepo anaweza kuiga mama."

 Mwende alimbeba, mtoto wa miaka sita mzito, akaenda naye hadi kwenye gari la kukodi bila kugeuka nyuma. Yule mama wa mihogo alinifungia mihogo kwenye gazeti, akanipa na raba zangu. "Nyanya yangu alitufundisha hivyo hivyo," akasema. "Nenda, shoga. Leo huna rafiki ndani ya hilo gari." Nikaichukua. Sikumwomba msamaha, naye hakuonekana kuungoja.

Hotelini Mwende aliniletea chai barazani, kwa sababu amelelewa vizuri, akaketi mbele yangu.

"Mtoto wangu amenisikia nikimlilia, Mama, na amekaa kimya. Umemfundisha kuniogopa."

Angepiga kelele ningejua la kujibu. Lakini alikuwa ameongea polepole, kwa hiyo nikamwambia. Ungo, mahindi, sauti ya kuigiza, harufu ya rangi ya viatu. Nikamwambia na habari ya Cucu kuuliza kamba. Maisha yangu yote sikuwa nimemwambia mtu, hata Kamau wa kwanza.

Mwende alikuwa ameacha kunywa. "Alikuwa mzee wa kanisa?"

"Alipitisha sahani."

Alitazama watoto waliokuwa wakigombania taulo mlangoni. Nikajua ananihesabia miaka, kisha anamhesabia Wanjiru wake, na anaona inalingana. Akawaita wote wawili.

"Lile la Shosho la miguu ni kweli," akawaambia. "Mkiitwa na mtu msiyemwona, msiende. Lakini mkisikia sauti yangu, au ya baba, au ya Shosho, ulizeni swali. Ulizeni jana tulikula nini. Mtu mwingine hajui."

"Pepo hajui?" Kamau akauliza.

"Pepo hakuwa mezani."

Nilipinga ndoa ya huyu mwanamke. Niliona anatoka mbali, na anasoma sana, na anapanga kila kitu. Sasa naona Cucu aliniachia nusu ya jambo. Hakuwa na neno ambalo mtoto angeweza kulibeba kuhusu mtu kama yule, akanipa pepo, na pepo akanitosha kujificha. Jinsi ya kupatikana hakunifundisha. Labda katika siku zake, msichana akishajificha vizuri, walihesabu hiyo ni bahati ya kutosha. Nami nilimpa Kamau nusu hiyo hiyo, nikaona nimempa yote.

Alitaka kujaribu papo hapo. Akakimbilia nyuma ya mlango, akaufunga.

"Mzee, fungua," nikamwambia.

"Jana tulikula nini?"

"Mlikula wali na maharage ya nazi."

"Na wewe?"

"Mimi sikula. Nilikuwa simjui aliyepika."

Akafungua.