Mushumaa wenye Baruti

Dada yangu alinitumia kutoka Ulaya fuze ndogo ya karatasi, roketi ya kuchezea, ya kujijengea. Nilibandika mabawa yake, nikaipaka rangi nyeupe, nikatia baruti ndani. Mama na mimi tukaibeba mpaka Mulekera, tuirushe kwenye shamba letu.

Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari akaifunua katika kitenge cha mama. «Oyo nini?» akauliza kwa Lingala, hii ni nini.

Huku kwetu mutu hatamki fuze mbele ya bunduki.

«Mushumaa wa Pasaka,» mama akajibu.

Askari akavua kofia, akatoa kiberiti. «Basi tuuwashe, tuombe.»

«Hapana, mwana wangu! Haujabarikiwa.»

Akaturudishia, tukarudi nyumbani nayo. Mama hapendi uongo, kwa hiyo aliiweka kweli kati ya mishumaa yake. Kila mara courant ya umeme inapokatika anapapasa humo gizani, na mimi ninaacha kupumua.