Uso wa Msibani kwenye Tangazo la Gemu

Shemeji yake alimwibia uso. Siku ya kumzika mumewe, jeneza likishushwa na yeye akipiga ukelele, mdogo wa marehemu alikuwa amesimama ng'ambo ya kaburi na simu mkononi. Watu walidhani anapiga picha za kumkumbuka kaka yake. Mwaka haujaisha, uso ule ukatokea kwenye tangazo la gemu, umepakwa rangi ya kijani, macho yametunishwa kama vikombe.

Aliyemletea habari ni mteja. Mjane huyo ni fundi cherehani mwenye chumba kimoja kinachotazama barabara, na mteja huyo alikuwa amesimama juu ya kigoda akipimwa pindo la gauni.

"Fundi, usinikasirikie. Huyu si wewe?"

Fundi akatema pini kiganjani, akaitazama simu aliyonyooshewa. Zimwi limeachama mdomo, mshale mwekundu unalielekea, na juu yake maandishi mazito ya njano: UTATOROKA? Rangi ingeweza kumdanganya mtu baki. Lakini pengo lile la jino la juu ni lake, na mtandio aliojishonea kwa ajili ya mazishi ulikuwa bado kichwani mwa zimwi. Hata kuuvua, shemeji bwana mkubwa aliona kazi.

"Wanangu wanavyolicheka hilo!" alisema mteja, kisha akajiziba mdomo.

Fundi akafunika cherehani, akaenda kwa shemeji.

Huyo shemeji wanamwita Msanii. Usanii wenyewe ni kukaa kwenye kiti cha kuzunguka, mapazia yamefungwa mchana kweupe, akitengeneza vijipicha vidogo kama ukucha vya kuwavuta watu wafungue gemu. Anachukua uso, anavuta macho mpaka yakaribie kudondoka, halafu anaweka mshale wa kuonyesha kitu ambacho hata kipofu ameshakiona. Kwa hayo hujiita mtu wa akili nyingi.

"Shemeji! Karibu, leo umenikumbuka."

"Nimekuja kujitazama."

Msanii akacheka, kisha akaona hachekewi.

"Aa, ile picha. Usiichukulie hivyo, shemeji yangu. Niliwaleta waigizaji hapa, wakapiga kelele mpaka koo zikawakauka, watu hawabonyezi. Nikaweka uso wako, wakajaa kama nzi. Uchungu wa kweli hauigiziki."

"Kumbe ulijua ni uchungu."

Msanii akazungusha kiti, akajifanya anatafuta chaja.

"Na hilo zimwi, ndani ya gemu linafanya nini?"

"Ndani halimo. Gemu lenyewe ni la kupanga matofali."

"Yaani umenitoa kwenye kaburi la kaka yako ukanifanya zimwi, na zimwi lenyewe halimo?"

"Basi yaishe, shemeji. Nitakubadilisha uwe wa bluu."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, akingoja ashukuriwe.

Fundi akaenda kushtaki kwa mama mkwe, akamkuta anachambua mboga.

"Mwanangu, huyo ndiye aliyenibakia. Mwache ahangaike na maisha yake," alisema mama mkwe. "Kwani huo uso ulikuwa unautunzia nani?"

"Kwa uso ule nilikuwa namlilia mwanao, mama."

Mama mkwe akazidi kuinamia mboga, kana kwamba majani yale ndiyo yaliyofiwa.

Sasa zimwi ni la bluu. Wapita njia huchungulia dirishani kwa fundi na kuuliza: "Zimwi, gauni langu tayari?" Huwajibu kwamba zimwi linashona kwa zamu, na walio na adabu ndio wanaotangulia. Wakishapita, hushika kitambaa muda mrefu bila kukikata.

Fundi hataki gawio la pesa za gemu la matofali. Anachomdai Msanii ni aishushe ile picha, kisha asimame mbele ya wote waliokuwa makaburini, aseme kwa mdomo wake: huyu ni mke wa kaka yangu, alikuwa anamlilia, na mimi nilikuwa nampiga picha. Mama mkwe naye anadaiwa amshike mkono mwanawe, amlete. Mpaka leo hakuna aliyepiga hodi.