Rahabu na flashi ya mzee wa Bungu

Saa mbili asubuhi ukungu bado umelalia mapaa ya Lushoto mjini. Rahabu Sefania anafungua duka lake la steshenari karibu na stendi na kufuta unyevu kwenye kioo cha kompyuta. Kabla hajaketi, mteja wa kwanza ameshafika.

Ni Marta, katibu wa kwaya. Amebeba kompyuta mpakato ya usharika, na flashi ameifunga kwenye pindo la khanga.

"Dada Rahabu, hii imekufa. Na nyimbo zetu zote zimo humu."

"Tusiizike kwanza," anajibu Rahabu.

Anafungua orodha ya vifaa vya kompyuta na kuishuka taratibu, mpaka anapokuta alama ndogo ya mshale unaotazama chini. Tundu la flashi limezimwa. Anabonyeza, anachagua kuliwasha, kisha anaichomeka flashi upya. Majina ya nyimbo yanajipanga.

"Flashi yako nzima. Kompyuta ndiyo iliyokatazwa kuisoma."

"Nani tena kaikataza?"

"Mwenye kuogopa virusi. Kama mimi."

Marta anacheka. Rahabu anatazama mlangoni. Leo ni siku ya soko, na magari kutoka vijijini yameanza kushusha watu.

Rahabu, mwenye miaka 33, alizaliwa Irente na amefanya kazi hii kwa miaka tisa. Anachapa barua, anatoa nakala na kufufua flashi. Siku nzuri humwachia shilingi 12,000.

Mwaka jana virusi viliingia kwenye kompyuta yake na kuharibu kazi za wanachuo. Jioni hiyo, kwa hofu, alizima matundu yote ya flashi. Asubuhi yake, foleni ikiwa ndefu, alisahau kuwa ameyazima.

Ndipo akaingia mzee mwenye sweta ya kijani.

"Alisema ametoka kijijini Bungu, redio yake ya kuchomeka flashi imeungua," anasimulia. "Kwenye flashi kulikuwa na sauti ya marehemu mkewe, akiimba Kishambaa huku anachuma maharage. Alitaka kumsikiliza tu, basi. Nikachomeka, kimya. Nikarudia, kimya. Nikamwambia, 'Babu, hii imekufa, itupe tu.'"

Mzee aliichukua flashi yake. "Basi ameondoka mara mbili," akasema, akamshukuru na kutoka.

Mchana flashi ya mteja mwingine iligoma. Rahabu akachomeka ya kwake mwenyewe, nayo ikagoma. Hapo akakumbuka. Alikimbilia stendi akiwa na kandambili mguu mmoja, lakini gari la Bungu lilikuwa limeshaondoka. Jina la mzee hakuwa amemuuliza.

Tangu hapo kuangalia flashi dukani kwake ni bure, na kila siku ya soko macho yake yako barabarani.

Hamza, fundi cherehani wa mlango wa pili, humtania. "Mwezi uliopita ulimkimbilia mzee wa watu hadi sokoni, kumbe muuza karoti wa Mlalo. Dada, shikamoo zako zote zitaishia kwa wenye sweta."

"Kama hazijaishia kwa wazee wanaokuja kukudai suruali zao," anajibu Rahabu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu.

Wiki hii anafunga duka kwa siku tatu. Atapanda gari kupitia Soni hadi Bungu akiwa na kompyuta ya kuazima. Hajui mzee ni wa kanisani au wa msikitini, kwa hiyo ameomba tangazo litolewe kote kuwili, Ijumaa na Jumapili.

"Nitamwamkia, nitamwambia kosa lilikuwa langu. Halafu nitachomeka, nikae pembeni, amsikilize."

Na kama mzee aliitupa flashi?

Rahabu anakunja waya wa kompyuta taratibu, anaukunjua, anaukunja tena.

"Nilimwambia aitupe," anasema kwa sauti ndogo. "Lakini nilimwona akiirudisha kwenye leso. Alipiga mafundo mawili."