Madam Alivyomlilia Mtumishi wa Zamani

Wenzangu, leo madam amemwaga machozi kwa ajili ya mfanyakazi wa ndani.

Si mimi, tulieni.

Alinichukua nimshikie mtoto tukizuru nyumba za kale hapa Jeddah, zile serikali imekataza hata kupigilia msumari ukutani.

Mwongoza wageni akatufungulia kachumba kamoja. "Hapa ndipo alipolala mtumishi."

Madam akashika kifua, machozi yakamtoka. "Maskini! Binadamu aliishije humu?"

Haki ya Mungu, nilibana kicheko. Kachumba kenyewe kana dirisha! Mimi nalala stoo isiyo na hata tundu, jirani yangu ni mashine ya kufulia.

Nikapiga picha ya lile dirisha. Madam akauliza ya nini.

"Nikaibandike ukutani kwangu, madam."

Hajanisemesha mpaka sasa. Jamani, nimekosa nini?