Bega la Nne

Misheni ilinipeleka Gashonga, kilima cha Rwanda karibu na mpaka wa Kongo, baada ya vita ya kwanza ya Kongo, kabla ya ile ya pili. Nilikulia Bukavu, wazazi wangu wakimbizi wa Rwanda, kwa hiyo wakubwa wangu waliniambia, "Unarudi kwenu." Kwetu gani? Kinyarwanda changu kilichekwa sokoni, na Kiswahili changu kilifanya watu wanitazame mara mbili. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi mwaka mzima sikupewa hata mpini.

Kanisa lilikuwa chumba changu cha mbele. Jumapili nilipanga viti, nikasali, nikavipangua. Wakatoliki walikwenda parokiani kwao, na wengine walikuwa wamechoka kumsikia Mungu akitajwa na mtu yeyote. Leo siwalaumu. Wakati ule niliwalaumu, tena kwa sauti, maana nyumbani hapakuwa na wa kunisikia.

Aliyekuja alikuwa mmoja tu: bibi jirani, Mkatoliki wa rozari, niliyemwita Koko kama tunavyowaita bibi zetu Bukavu. Alikimbilia Kongo na watoto wake, akarudi kwa miguu peke yake. Habari za watoto hakuzisema, nami sikuuliza. Alikuja jioni kuomba moto, ingawa moto kwake ulikuwepo, akakaa kunichagulia maharage kwa sababu alijua ninayapika na mawe yake.

"Pasta, Yesu alitumaka batumishi babili babili. Mwenzako iko wapi?"

"Bado iko njiani, Koko."

"Huyo anatembea sawa kinyonga."

Alicheka mwenyewe hadi akakohoa. Bila yeye ningefunga virago zamani, na Mungu nilimwambia hivyo wazi.

Pale kilimani kila nyumba imo katika chama cha machela. Machela yenyewe, ingobyi, ni kikapu kirefu chenye miti miwili. Mgonjwa analazwa ndani, wanaume wanne wanamchukua mabegani hadi kituo cha afya, kwani njia yetu gari haipandi. Niliomba kuingia chamani. Mkuu wao, mkulima wa ndizi asiye na maneno mengi, alitazama viatu vyangu.

"Siku utagonjwa, Pasta, tutakubeba. Lakini siku yetu ya kubebwa, weye utakuwa umesharudi ng'ambo, Kongo."

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Kisha vita ya pili ikaanza. Mizinga ilisikika upande wa Bukavu, mpaka ukafungwa, habari za mama yangu zikakatika. Koko akaanza kuja asubuhi pia, bila kisingizio cha moto.

Asubuhi moja hakuja. Nilimkuta amejikunja kitandani, mwili unawaka, meno yanagongana. Nikamkimbilia mkuu wa chama. Ilikuwa siku ya soko, na vijana walikuwa zamu kwenye kiwanda cha saruji huko Muganza. Kilimani walibaki wanaume watatu, naye akiwamo. Mkuu alitazama huku na huku, mwisho akanitazama mimi.

"Haya. Shika nyuma."

Koko hakuwa mzito, mzito ni mlima. Mti unakula bega, hatua lazima ziende pamoja, nami nilikuwa nakwenda kivyangu. Kwa woga nikaanza kuomba kwa sauti.

"Pasta," alisema mkuu bila kugeuka, "hiyo pumzi ya kusali, tumia kwa kupanda."

Ndani ya kikapu ikatoka sauti nyembamba. "Mumuache asali. Lakini asifunge macho, ataniangusha."

Wakacheka wote watatu. Nikacheka nao, huku machozi yananitoka.

Kituoni muuguzi aliuliza ni nani anabaki. Kwetu mgonjwa asiye na murwaza, mtu wa kumwangalia, hapikiwi wala hafuliwi. Wanaume wakatazamana. Koko akaninyooshea kidole.

Nikabaki. Nilikoroga uji uani katikati ya wanawake walionicheka, nikafua vikwembe vyake vya kujifunga, nikamshikia kikombe. Alipotaka rozari nilimshikia punje moja baada ya nyingine, mimi mlokole, nikiitikia amina kwa sala nisizozijua. Nilimwomba Mungu kwa adabu, kisha bila adabu: huyu usinichukulie, Wewe una wengi, mimi ninaye mmoja. Mchana mmoja, uji ukiwa bado wa moto, alikata roho.

Wanaume wengi walikuja kumrudisha nyumbani. Katekista alimzika kwa taratibu za kwao. Mimi nilisimama nyuma, kisha nikaenda nyumbani, nikafunga mlango, nikaanza kukunja nguo. Mpaka wa Kongo uwe wazi au ufungwe, nilikuwa naondoka.

Kabla ya jioni mlango uligongwa. Alikuwa mkuu wa chama na mkewe, nyuma yao watu wa kilima, huyu na kuni, yule na mtungi wa pombe ya ndizi. Nilidhani wamekosea nyumba.

"Kwetu mufiwa habakiaka peke yake," alisema mkuu.

"Mfiwa nani?"

"Weye, Pasta. Koko hakuwa na muntu mwingine."

Wakaingia. Walijaza viti vyote vya kanisa, wengine wakakaa chini. Hakuna aliyeomba mahubiri, nami sikuyatoa. Kesho yake walirudi, na kesho kutwa, kama desturi inavyotaka. Nguo zangu zilibaki zimekunjwa nusu, na hakuna aliyeziulizia. Chumba kilikuwa kimejaa kwa mara ya kwanza tangu nifike, na kila mlango ulipofunguliwa nilitazama kama ni yeye.