Mchezo wa Bariyeri

Sikiliza, wewe unayejiandaa kusimama mbele ya watu wazima na kuwafundisha kusema Kiingereza. Keti kwanza, nikueleze polepole nilivyokosea. Huenda ikakupunguzia safari.

Ilikuwa miaka ile ya uasi, hapa Uvira. Mji ulikuwa umebadilisha wakubwa mara nyingi hata tukawa tunasalimu kila sare kwa heshima ileile. Kifaransa tulichochapwa fimbo shuleni ili tukijue kilikuwa kimeshushwa cheo ghafla. Wageni wa magari meupe walisema Kiingereza, na kila mtu alikitaka. Mimi nilikijua kwa redio na kwa kitabu kimoja. Hiyo ilitosha kuniita mwalimu.

Darasani kwangu, mtaa wa Rugenge, walikuja watu tisa. Mmoja alikuwa muuguzi, mama mpole sana. Kituoni kwake daktari mgeni alikuwa amemwuliza kwa Kiingereza kama mtoto fulani amekunywa dawa. Akajibu ndiyo, akitazama sakafu. Mtoto hakuwa amekunywa kitu. Kwa bahati nzuri kosa liligunduliwa mapema, mtoto akapona, lakini daktari akampa mama huyu wiki tatu: ajifunze kuzungumza au aache kazi.

"Swali ulilielewa?" nikamwuliza.

"Nililielewa, mwalimu. Lakini ule ni mugeni. Mugeni utamwambia aje hapana?"

Nikacheka, nikafungua kitabu changu kwenye somo la mgahawa. Yeye nikamfanya mhudumu. Mbadilisha fedha mmoja wa Kavimvira, mtu wa kelele, akawa mteja. Walisema kwa Kiingereza; mimi nakupa kwa lugha yetu.

"Kuna samaki?"

"Ndiyo."

"Kuna nyama ya ng'ombe?"

"Ndiyo."

"Na mamba wa kukaanga?"

"Ndiyo," akasema mama wa watu, macho chini.

Wiki nzima ikapita hivyo. Kitabu kilitupeleka hotelini, kikatupeleka stesheni ya treni, ambayo kwa Uvira ni sawa na kutupeleka mwezini, na kote huko alikubali kila kitu.

Jumatatu iliyofuata nilichelewa kwa sababu ya bariyeri. Kati ya nyumbani na darasa, askari walikuwa wamefunga barabara kwa kamba mara mbili, na kila kamba ilidai maelezo yake. Nikaingia na hasira, nikafunga kamba kati ya madawati mawili, nikasema leo tunacheza hii. Kanuni sikuzieleza. Ni mara ya pekee maishani mwangu wanafunzi kufika wakiwa wamejifunza somo kabla yangu.

Wote walitaka kuwa askari. Mbadilisha fedha akashinda kwa sauti, akatia kijiti begani, akakunja uso. Kazi ya msafiri haikuwa na mwenyewe, ikamwangukia muuguzi.

"Simama! Kuna nini mu kikapo?"

"Hakuna kitu, chef," akajibu, kama tunavyowaita wakubwa wa bariyeri.

"Na ule muhogo?"

"Hapana, chef, haiko muhogo. Ni nguo za mugonjwa. Unataka kuzivaa?"

Darasa likaangua kicheko.

"Basi nipe saa yako!"

"Hapana. Hii ilisimama tangu uhuru. Itakuchelewesha ku kazi."

Nikamwita pembeni. "Mama, hizi hapana umezitoa wapi?"

"Mwalimu, ule haiko mugeni. Ule ni bariyeri."

Tukacheza kila siku. Nikaona jambo ambalo kitabu hakikunieleza: askari, na madaraka yake yote, alihitaji sentensi tatu tu. Msafiri alihitaji ugonjwa, arusi ya shangazi, bei ya samaki ndagala na jina la Mungu. Mama yule alikuwa anasema uongo kwa Kiingereza kinachozidi kunyooka, nami, mtu wa kanisa, nilimsahihisha matamshi.

Wiki tatu zilipotimia, daktari akamwita muuguzi kwa mtihani, akamkalisha upande wa pili wa meza. Akamwuliza kama mtoto wa kitanda cha pili amepewa dawa. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba macho yalianza kushuka yenyewe, mpaka akaamua moyoni kuwa ile meza ni kamba.

"Hapana, chef," akajibu. Akaeleza homa, kutapika, dawa iliyoisha, na nani ametumwa kuileta.

"Una hakika?"

"Sana. Na weye, ruhusa yako ya safari iko wapi?"

Daktari akaitoa mfukoni mara moja, kabla hajajua anafanya nini. Naye alikuwa amepita kamba nne asubuhi ile. Kisha akacheka, na mama akabaki kazini.

Mbadilisha fedha, mchezaji wetu bora, alimaliza masomo na sentensi zake tatu. Akapata kazi mpakani, ambako zilimtosha.

Basi kesho wapange wawili wawili. Mwenye sauti kubwa mpe madaraka. Anayenyamaza mpe shida ya kujieleza. Halafu funga mdomo wako, na uhesabu mpaka ishirini kabla ya kumsaidia.