Ng'ombe wa Baba

Leo jirani yangu hapa Nyamitanga ameniletea mkebe wa samli. Nilipoufungua, nikakiacha kitabu nilichokuwa nasoma, cha Wagiriki wa kale. Mmoja wao anasema mshairi hajui lolote, mungu ndiye anayempulizia maneno.

Baba alilima maharage Nakivale, kambini kwetu wakimbizi. Kwenye harusi za Warundi wenzetu, yeye ndiye aliyeitwa kumsifu ng'ombe wa mahari, hata pale ambapo ng'ombe mwenyewe hakuwepo. Kwanza alichovya kidole kwenye samli, akakinusa akiwa amefumba macho. Kisha ng'ombe akaja: pembe kama mwezi mchanga, sikio la kushoto limechanika, ubavu una joto la asubuhi. Wazee walifuta machozi. Mimi nilisikia pumzi ya ng'ombe huyo shingoni.

Siku moja tukitoka harusini, vumbi likiwa laini chini ya nyayo, nikamuuliza, "Baba, ni Mungu anakuambia ile maneno?"

Alikasirika kidogo. "Mungu ndiye alimukamua? Ule ng'ombe namujua. Nilimukamua mimi mwenyewe."

Nikamwamini. Tulipomzika, nilimuuliza mama yule ng'ombe alibaki kwenye kilima gani. Mama akaacha kupepeta maharage.

"Baba yako kule kwetu alikuwa fundi cherehani," akasema. "Hatukuwahi kuwa na ng'ombe."

Mkebe bado uko wazi mezani. Ng'ombe amesimama mlangoni, sikio lake la kushoto limechanika, nami najua ni mwiba upi uliolichana.